Mikono Juu ya Dawati

Darasa zima likishajua lugha ya mtoto mmoja, lugha hiyo hubaki kuwa ya nani? Swali hili lilianza kunisumbua katika muhula wa pili, nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi kwenye mteremko wa Kisugu, jijini Kampala. Hata siku ile tulipoitwa ofisini kwa mwalimu mkuu kuamua kama Lakica angeendelea kusoma au la, nilikuwa sijapata jibu.

Lakica alikuwa kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu angali mdogo, akalelewa na bibi yake huko Gulu, karibu na shule iliyokuwa na kitengo cha watoto viziwi. Huko ndiko alikojifunza lugha ya alama, na alikuwa na ufasaha ambao mimi, mwanafunzi wa chuo kikuu wa mwaka wa tatu katika elimu maalumu, niliuonea wivu. Bibi alipofariki, mama yake, Adong, alimchukua akaja kuishi naye katika kambi ya jeshi ya Makindye, ambako mumewe, koplo asiyekaa nyumbani, alikuwa amepewa chumba. Shule yetu ilikuwa jirani. Tena ukutani, kando ya lango, palikuwa pameandikwa kwa rangi ya buluu kwamba ile ni shule jumuishi, inayowapokea watoto wote. Adong aliyasoma maneno yale akayaamini. Mimi nami niliyasoma nikayaamini; ndiyo sababu niliomba kupangiwa pale.

Nilimkuta Lakica katika darasa la saba, dawati la mbele, ameketi na msichana wa Kikongo aitwaye Princesse. Mwalimu wa darasa, Bwana Tarcisio, alinitambulisha kwake kwa fahari ya mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga mwenyewe. Aliniambia nisihangaike naye sana, kwa kuwa mtoto yule hakuwa na tatizo lolote darasani. “Wewe mtazame tu, Madam Amony,” alisema. “Anajibu kama wenzake.”

Nilimtazama, na kweli alijibu kama wenzake. Katika shule zetu mwalimu hasemi peke yake. Huanza neno, hulivuta, kisha hulikatiza katikati ili darasa zima limalizie kwa pamoja. Moyo husukuma da— na watoto themanini huitikia kwa kishindo, mu. Kinywa cha Lakica kilifunguka pamoja na vinywa vya wenzake na kikafungika pamoja navyo. Mwalimu aliposimama mbele na kuona safu zote za midomo zikienda sawasawa, aliridhika kwamba somo limeingia.

Ilinichukua muda kuona kiwiko. Kila Tarcisio alipolivuta neno, kiwiko cha Princesse kiligusa ubavu wa rafiki yake, taratibu, bila yeyote kati yao kugeuza kichwa. Akiguswa, Lakica alifungua kinywa. Hakujua neno lililosemwa, wala somo lililokuwa likifundishwa kwa mdomo. Alijua tu wakati wa kufungua na wakati wa kufunga. Nilipomuuliza kwa alama tangu lini wanafanya hivyo, alishangaa kwanza kwamba mikono yangu inasema. Kisha akanijibu kwamba ni tangu alipofika, kwa sababu asiyejibu huitwa kusimama.

Siku hiyo nilirudi chumbani kwangu nikiwa na hasira njema, ile hasira ya mtu anayeamini kwamba ameona kosa na anajua dawa yake. Tulikuwa tumefundishwa chuoni kwamba mtoto hajumuishwi kwa kupewa dawati. Hujumuishwa pale ambapo wenzake wanaweza kuzungumza naye. Nilimwendea mwalimu mkuu, Mzee Ogwal, nikamwomba dakika chache kila asubuhi baada ya mstari, niwafundishe darasa la saba lugha ya alama. Alikuwa mtu mpole, aliyechoka, mwenye madarasa mengi na walimu wachache. Aliniruhusu, na akasema kwamba ni jambo zuri kuwaonyesha wageni wanapotutembelea.

Sijui kama nitapata tena furaha ya namna ile katika kazi hii. Nilianza na herufi, na watoto wakazishika upesi kuliko nilivyotarajia. Baada ya siku chache nilimwomba Lakica asimame mbele badala yangu. Alisimama akiwa ameinamisha kichwa, kisha akamwona mvulana mmoja wa nyuma amekunja kidole vibaya, akatoka mbele, akapita katikati ya madawati na kukinyoosha kidole kile yeye mwenyewe. Darasa lilicheka, naye akacheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa, hakikupimwa, kwa kuwa hakuwahi kukisikia.

Aliwapa majina. Huo ni utaratibu wa viziwi kila mahali: hawasumbuki kulitamka jina la mtu herufi kwa herufi, humpa alama kutokana na kile ambacho macho yameona kwake. Princesse aliitwa kwa kugusa shanga za kwenye nywele. Mzee Ogwal aliitwa kwa kuupandisha mkanda wa suruali. Tarcisio, ambaye kila akiandika ubaoni alijisahau akajipaka chaki puani, aliitwa kwa kufuta ncha ya pua. Mimi nilikuwa vidole viwili kwenye kifungo cha juu cha blauzi, maana nikifikiri hukishika. Niliwaeleza watoto kwamba haya si matusi, kwamba kupewa jina na kiziwi ni kukaribishwa. Walinielewa. Sikukumbuka kuwaeleza walimu.

Kwa muda Lakica alikuwa na maisha ya mtoto yeyote. Aligombana na msichana mmoja juu ya kamba ya kuruka, wakanuniana, wakapatana. Adong alinijia langoni akiwa na maandazi kwenye mfuko wa karatasi, maana alikuwa akipika chai na maandazi na kuwauzia askari kambini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi, tulichokua nacho wote tuliozaliwa na wanajeshi. “Mwalimu, hii mtoto sasa anakuja nyumba anachoka,” aliniambia. “Mbele alikuwa hachoki. Mtu anachoka kama amesema na watu.”

Kisha lugha ile ikatembea, kama lugha zote zinavyotembea. Watoto waliigundua faida yake, kwamba haina sauti. Walizungumza kwa mikono wakiwa mstarini, wakati wa sala, na nyuma ya mgongo wa mwalimu anapoandika. Walifuta ncha za pua zao kila Tarcisio alipokaribia, na siku moja aligeuka ghafla akaona madawati mawili mazima yakijifuta pua. Aliniuliza maana yake mbele ya walimu wengine wakati wa chai. Nilimwambia ukweli, kwamba ni jina lake, na kwamba ni jina la heshima. Mwalimu wa kike aliyekuwa kando alicheka mpaka chai ikammwagikia. Tarcisio hakucheka. Alisema katika miaka yote ya ualimu wake ameitwa mengi, lakini walau aliyasikia.

Jambo lililoniumiza zaidi halikumhusu Tarcisio. Lakica alikuwa amewekwa dawati la mbele ili auone ubao, na mazungumzo yote ya mikono yalikuwa nyuma yake. Darasa lilisema lugha yake kutwa nzima, naye alikuwa amelipa kisogo. Niliomba ahamishiwe nyuma, nikaambiwa hataona ubao. Niliomba madawati yapangwe kwa duara, nikaoneshwa ukubwa wa chumba.

Mtihani wa majaribio ulikuja kabla ya mwisho wa muhula. Ni mtihani unaotangulia ule wa taifa, na shule hubadilishana wasimamizi ili kusiwe na upendeleo. Msimamizi wetu alitoka shule nyingine. Hakuwa amewahi kumwona Lakica. Katikati ya mtihani wa hesabu aliinua kichwa akamwona msichana wa dawati la mbele amegeuka nyuma kabisa, mikono yote miwili juu, vidole vikienda mbio. Alimnyang'anya karatasi palepale, akaichana, akamtoa nje. Mimi sikuwa darasani. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya tangi la maji, mikono ameiweka chini ya mapaja.

Nilimuuliza alichokuwa akisema. Alitikisa kichwa.

Mzee Ogwal hakupiga kelele. Alituita walimu wote, akaeleza kwamba udanganyifu ukithibitika katika mtihani wa taifa wenyewe, matokeo ya shule nzima huzuiwa, na watoto themanini hukosa mwaka. Kwa hiyo kuanzia siku ile lugha ya alama ilikuwa marufuku katika maeneo ya shule. Katika vipindi vyote, watoto wote wangekunja mikono juu ya dawati, na kuinua kalamu tu wanapoambiwa waandike. Nilisimama nikasema kwamba amri hiyo kwa watoto wengine ni adabu, lakini kwa mmoja wao ni kufungwa kinywa. Alinisikiliza hadi mwisho. “Madam Amony,” alisema, “ni wewe uliyetufundisha kwamba asitengwe. Sasa sheria ni moja kwa wote. Ujumuishaji si ndio huo?”

Niliketi.

Princesse ndiye aliyeniambia ukweli, siku ya pili, nilipomfuata kwenye njia ya kwenda kwao. Alilia kwanza. Watoto wa nyuma walikuwa wakipeana majibu kwa herufi za mikono, naye Princesse, kutoka dawati la mbele, alishirikiana nao. Yeye ndiye aliyegeuka kwanza, kuuliza swali la mwisho. Lakica aliona, akageuka pia. “Alikuwa anatuambia tuache,” Princesse alisema. “Alisema muache, muache, mutaniharibia. Ni hayo tu, Madame.”

Nilimwomba aje ayaseme hayo kwa mwalimu mkuu. Alisema mama yake amemkataza. Basi nilikwenda kwa mama yake.

Pélagie alikuwa akisuka nywele katika saluni moja ya Kabalagala, katikati ya mabaa yaliyokuwa bado yamefunga milango mchana ule. Alinikaribisha kwenye kigoda na hakuacha kusuka. Nilimweleza kila kitu kwa utaratibu, kama ninavyoeleza darasani: kwamba Princesse angepewa onyo tu, kwamba rafiki yake angeokoka, kwamba ukweli ungeisaidia shule. Mteja aliyekuwa akisukwa alinitazama kwenye kioo kwa huruma. Pélagie alimaliza msuko mmoja, akauchoma ncha kwa kiberiti, ndipo akanijibu.

“Dada, wewe ni mwana wa hapa. Ukikosea, wanakugombeza, unaenda kulala. Mtoto wangu akikosea, wanakumbuka kwamba alitoka Bunia.” Alichukua fungu jingine la nywele. “Ule mtoto ninamuhurumia sana. Alikula kwangu. Lakini usiniombe hii.”

Sikuomba tena. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi kuhusu haki, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja ambalo gharama yake ningeilipa mimi.

Nilimweleza Mzee Ogwal hata hivyo, bila kumtaja aliyeniambia. Aliniuliza kama nina shahidi. Nilipokataa kumtaja, alisema kwa upole kwamba anadhani ninasema kweli, lakini kwamba haibadilishi kitu. Hata kama mtoto hakudanganya, alikuwa ndiye mlango ambao udanganyifu ulipitia.

Siku za mikono juu ya dawati zilifuata. Nilifundisha katika darasa lililokunja mikono. Watoto wengine walizoea mara moja. Walikuwa na vinywa. Lakica alikaa wima, mikono imekunjwa vizuri kuliko ya yeyote, akiutazama ubao. Tarcisio alipolivuta neno, kiwiko hakikumgusa tena, kwa kuwa viwiko sasa vilikuwa juu ya dawati, mbele ya macho ya wote, na Princesse aliogopa. Darasa liliitikia, naye kinywa chake kikabaki kimefungwa. Akaitwa kusimama. Kesho yake akaitwa tena. Akawa anasimama tangu kipindi kinaanza, bila kuitwa.

Hapo ndipo mwalimu mkuu alipomwita Adong.

Tulikuwa watano ofisini: Mzee Ogwal nyuma ya meza, Tarcisio karibu na dirisha, Adong na binti yake kwenye benchi, na mimi nimesimama, kwa kuwa nilikuwa mkalimani. Dirisha lilikuwa wazi, na ng'ambo ya uwanja niliona safu ya mbele ya darasa la saba, mikono juu ya madawati, na shanga za Princesse zikiwa zimeinama.

Ogwal alizungumza na Adong kwa heshima, kwa Kiswahili, akimwita mama Lakica. Alisema hamfukuzi mtoto. Lango lake halijamfungia mtu. Lakica angeweza kubaki hadi mtihani wa taifa, akae kwa utulivu na kufuata sheria kama wenzake, na shule ingemwombea aketi chumba cha peke yake siku ya mtihani. Mimi ningemaliza mazoezi yangu salama, mradi nisifundishe tena alama. Tarcisio aliongeza kwamba yeye hana kinyongo. Jina la pua amelisamehe. Alitabasamu kidogo aliposema hivyo, na nikaona kwamba kweli amesamehe, na kwamba msamaha wake hauna kazi yoyote mle ndani.

Adong alisikiliza akikunja na kukunjua upindo wa leso yake. Aliuliza kuhusu Gulu, kama kuna nafasi kule. Nilimjibu kwamba nilikuwa nimeulizia, na kwamba bila ndugu wa kukaa naye hawangempokea, bweni limejaa. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelijua jibu na akauliza ili aonekane ameuliza.

“Basi akae hapa tu,” alisema. “Yeye avae yunifomu, aende na wenzake. Watu ya kambi wanaona anaenda, anarudi. Mimi naona anarudi. Akikaa nyumba, atakuwa nini? Mwalimu mkuu, mimi nasema asante, akae.”

Ogwal alishusha pumzi. Mambo yalikuwa yamekwisha vizuri. Alikuwa amekwisha shika kiti ili ainuke nilipomwambia kwamba Lakica hajaulizwa.

Alikubali, nami nikamgeukia Lakica. Nilimweleza kwa alama yote yaliyosemwa, neno kwa neno, hata lile la pua. Nikamuuliza anataka nini. Lakica alinitazama, kisha akamtazama mwalimu mkuu, akaikunja mikono yake juu ya magoti na kuibana. Alikuwa shuleni; alikuwa akitii sheria. Nilimwambia kwamba hapa anaruhusiwa. Hakusogea. Tarcisio aligeukia dirishani.

Adong ndiye aliyeikunjua. Hakuwa na alama zaidi ya zile za nyumbani, kula, lala, njoo, chukua. Alivishika viganja vya binti yake, kimoja baada ya kingine, akaviweka wazi kwenye mapaja, kama anavyoweka donge la unga kwenye kibao, akaviacha.

Lakica akasema. Alisema polepole, akinitazama mimi tu, na mwanzo akatumia jina langu, vidole viwili kwenye kifungo. Alipomaliza aliikunja mikono tena.

Wote walikuwa wakinisubiri. Katika chumba kile hapakuwa na mwingine aliyejua yaliyosemwa. Mama yake alikuwa akinitazama kwa uso ambao tayari ulikuwa unashukuru. Ningeweza kusema, amekubali, anawashukuru. Adong angekwenda kwake ametulia, Ogwal angerudi kwenye kazi zake, mimi ningemaliza mazoezi na kupata shahada ya kuwahudumia watoto kama huyu, na kesho asubuhi Lakica angevaa yunifomu, apelekwe na mama yake hadi langoni, chini ya maandishi ya buluu, akasimame kando ya dawati lake hadi jioni. Nilijikuta nimeshika kifungo cha blauzi yangu. Chuoni tulifundishwa kwamba mkalimani hasemi “amesema kwamba.” Husema kwa nafsi ya anayemsemea, bila kupunguza wala kuongeza. Tulifanya mazoezi ya jambo hilo kwa utani, tukibadilishana zamu.

Niliwaambia kwamba maneno yafuatayo ni ya Lakica, si yangu. Kisha nikayasema.

“Madam Amony, waambie sitakuja tena. Leo ndiyo mwisho. Wasinipangie chumba cha mtihani, sitaufanya. Kuanzia kesho nitakaa kambini, nitakanda unga pamoja na mama.”